Mutu akikufa anaenda wapi? Namna Wayahudi wanajibu, kutoka Mbale mpaka Lubumbashi

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, hapa Eringeti na katika vijiji vya barabara ya Beni–Komanda, swali la wafu si tena swali la katekismo tu. Limeingia katika nyumba. Kuna aliyezika baba yake kwa haraka, bila sanduku, juu risasi zilikuwa zinasikika karibu. Kuna mama ambaye mutoto wake alitoka asubuhi kwenda shamba ya kakao, na mpaka leo hakuna mwili, hakuna habari kama alichukuliwa mateka ao alibaki porini. Na usiku wa matanga, kando ya moto, mara mingi utasikia mutu ananong'ona: yule aliyekufa kwa panga, bila sala, bila kuoshwa, bila kaburi, roho yake iko wapi?

Makanisa yanajibu, na misikiti inajibu. Hatuingie katika kazi yao. Leo tunaangalia jibu la watu ambao maandiko yao tunayasoma kila juma bila kuuliza wao wenyewe wanayasoma namna gani: Wayahudi, ao kama wengi wanavyosema kwetu, Wayuda. Jibu lao linashangaza. Wao, wenye Musa na Daudi, wanasema kidogo sana juu ya mbingu, na wanasema mingi sana juu ya maiti.

Na tusifikiri ni watu wa Yerusalemu tu. Ukipita Kasindi, ukavuka Kampala na Jinja, utafika Mbale, chini ya mlima Elgon, mashariki ya Uganda. Pale kuna jamii ya Waafrika Wayahudi wanaoitwa Abayudaya. Walianza na Semei Kakungulu, Muganda, mkubwa wa vita aliyewashindia Waingereza sehemu za mashariki, kisha akakosana nao. Alisoma Biblia peke yake, akaona kama amri za Musa hazikufutwa, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alikufa mwezi wa 11 mwaka 1928. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi wakaiacha, waliobaki wakasali kwa kujificha. Leo wanasali kwa Kiebrania na Kiluganda, na rabi wao Gershom Sizomu, aliyepewa urabi kule Los Angeles mwaka 2008, aliingia hata katika bunge la Uganda mwaka 2016.

Upande mwingine, ndani ya inchi yetu, kuna sinagogi ya Lubumbashi, iliyojengwa mwaka 1930 wakati muji uliitwa bado Elisabethville. Wayahudi wa kule wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, karibu na Uturuki. Mutu anayejulikana sana katika siasa na mpira, Moïse Katumbi, baba yake Nissim Soriano alikuwa Myahudi wa Rhodes. Kwa Lubumbashi tutarudi, juu habari yake inagusa moja kwa moja swali letu.

Tuanze na Biblia. Fanya jaribio nyumbani. Chukua vitabu 5 vya Musa, toka Mwanzo mpaka Kumbukumbu la Torati, utafute mahali Mungu anamuahidi mutu mwema mbingu kisha kufa. Hautaona. Utaona mvua kwa wakati wake, mavuno, watoto, maisha marefu, amani katika inchi. Utaona laana ya njaa na vita. Lakini kwamba roho ya mwema itapanda juu na ya mubaya itaungua, Musa hasemi. Wengi wanaeleza hivi: Waisraeli walitoka Misri, inchi ambapo wafalme walimaliza mali na nguvu za watumwa kwa kujenga makaburi makubwa. Musa alitaka watu waangalie walio hai.

Hii haina maana kama wafu hawakuwa na bei. Ibrahimu aliahidiwa inchi yote ya Kanaani, lakini kipande cha kwanza cha udongo alichonunua kwa pesa yake mwenyewe kilikuwa kaburi. Sara amekufa Hebroni, na yeye ni mgeni pale, kama muhami. Anasimama mbele ya wazee wa Wahiti, anainama, anabishana bei kwa heshima, na anamulipa Efroni shekeli 400 za feza kwa ajili ya pango la Makpela. Sura nzima ya Mwanzo, ya 23, inaeleza biashara hii. Na Yakobo akikaribia kufa Misri anawaapisha watoto: msinizike huku, nirudisheni kwetu. Yosefu vilevile: mifupa yake ilibebwa safari yote ya jangwani. Mwenye amekimbia Eringeti akakaa Oicha ao Beni miaka, na akafiwa kule, anaelewa sura hizi bila mwalimu.

Wafu wenyewe walienda wapi? Biblia ya Kiebrania inasema Sheoli, chini, mahali pa kimya, ambapo wakubwa na wadogo wanalala pamoja. Si moto, si furaha. Mfalme Sauli alipomwendea yule mwanamke mganga wa Endori ili amuite nabii Samweli, Samweli alipanda akilalamika kwamba amesumbuliwa. Na kuuliza wafu ni kitu ambacho sheria ya Musa inakataza kabisa. Kwa hiyo Myahudi akifiwa hana ruhusa ya kwenda kwa mganga ili asikie marehemu anataka nini.

Ufufuo uliingia namna gani? Uliingia kupitia mauaji. Karibu mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko, Mugiriki wa Siria, alikataza Wayahudi kushika sheria yao. Aliyemtahiri mutoto aliuawa. Aliyekataa kula nguruwe aliuawa. Hapo hesabu ya zamani ikavunjika. Ilikuwa inasemwa: shika amri utaishi miaka mingi. Sasa walioshika amri njo walikuwa wanakufa, na wenye kuziacha njo walikuwa wanaishi. Kama Mungu ni wa haki, haki ya hawa waliochinjwa iko wapi?

Ni wakati huo kitabu cha Danieli, katika sura ya 12, kinasema wazi kwamba wengi wanaolala mavumbini wataamka, wengine kwa uzima, wengine kwa aibu. Na Wakatoliki wanasoma katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 7, habari ya mama aliyeona watoto wake 7 wakiuawa siku moja mbele ya macho yake, na akawatia moyo akisema Muumba aliyewapa pumzi tumboni atawarudishia. Waprotestanti wengi hawana kitabu hicho katika Biblia yao, na mimi naona ni hasara, zaidi kwa watu wa sehemu zetu. Imani ya ufufuo haikutoka kwa watu wenye wamekaa kwa starehe wakiwaza mambo ya mbingu. Ilitoka kwa wenye kulia watoto.

Si wote walikubali. Katika Injili na Matendo ya Mitume tunaona Masadukayo wanasema hakuna ufufuo, na Mafarisayo wanasema uko. Martha, dada ya Lazaro, anapomwambia Yesu kwamba ndugu yake atafufuka siku ya mwisho, anasema kile Wayahudi wengi wa kijiji walikuwa wanaamini tayari. Kisha Waroma wakaharibu hekalu mwaka 70. Masadukayo, watu wa hekalu, wakapotea. Mafundisho ya Mafarisayo yakaendelea kwa marabi. Tangu hapo ufufuo uko ndani ya sala wanayosali mara tatu kila siku wakiwa wamesimama: Mungu anasifiwa kama mwenye kuhuisha wafu. Rabi Musa bin Maimuni, daktari na mwalimu aliyekufa Misri mwaka 1204, alipoandika misingi 13 ya imani, wa mwisho uliandikwa ufufuo.

Lakini ukiuliza itakuwa namna gani, hapo wanaachana. Kuna wenye kusema mwili utafufuka kweli, udongo urudi kuwa mutu. Kuna wenye kusema roho njo inabaki, mbele ya Mungu, bila kula na bila kunywa. Wafuasi wa Kabala, mafundisho ya siri, wanafundisha kwamba roho inaweza kurudi duniani ndani ya mwili mwingine ili imalize kazi iliyobaki. Wayahudi wa mageuzi, kule Ujerumani na Marekani, katika miaka ya 1800 waliweka ufufuo wa mwili pembeni kabisa. Wote hao wanaendelea kuitana Wayahudi. Kwetu kanisa linaweza kupasuka mara mbili juu ya jambo dogo kuliko hilo.

Na jehanamu? Neno lenyewe ni la Kiebrania: Gehinomu, bonde kando ya Yerusalemu ambamo zamani watu walichoma watoto kama sadaka kwa miungu. Marabi walilitumia kwa mahali pa kusafishwa. Na waliweka kipimo: hukumu ya waovu ndani yake ni miezi 12. Yaani kwa watu wengi ni kufuliwa kama nguo, kisha kutoka. Kuna wabaya sana ambao marabi walibishana juu yao, lakini moto wa milele kwa kila mwenye dhambi, hapana, si mafundisho yao. Wala si lazima uwe Myahudi ili upate sehemu katika ulimwengu unaokuja; mafundisho yaliyoshinda kati ya marabi ni kwamba wenye haki wa mataifa yote wako na fungu lao. Hii njo sababu moja Wayahudi hawatembee nyumba kwa nyumba kutafuta waumini.

Sasa tufike kwa maiti. Juu ya mbingu wanaweza kubishana mpaka asubuhi; juu ya kazi ambayo walio hai wanawiwa na wafu, hawabishane sana.

Mutu akikata roho, hawamuache peke yake. Mmoja anakaa karibu mpaka mazishi, na mazishi yanafanyika haraka, ikiwezekana siku ileile ao kesho yake. Katika kila jamii kuna kikundi kinachoitwa hevra kadisha, maana yake kikundi kitakatifu. Wanaume wanaosha wanaume, wanawake wanaosha wanawake. Wanafunika mwili wakati wanauosha, hawasengenye, na wakimaliza wanamuita marehemu kwa jina na kumuomba msamaha kama walimkosea heshima. Kazi hiyo wanaiita wema wa kweli, juu maiti hawezi kukulipa kesho.

Wote wanavalishwa sanda nyeupe isiyo na mfuko. Asili ya desturi hii ni habari ambayo ingefaa kusomwa kwenye kila barza ya kwetu. Talmudi inaeleza kwamba kuna wakati gharama ya mazishi ilikuwa nzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, mpaka wengine waliacha maiti wakakimbia. Rabi mukubwa jina lake Gamalieli, mutu wa ukoo wa heshima, akaagiza yeye mwenyewe azikwe na kitani cha bei ya chini. Aliponyenyekea yeye, wote wakafuata. Hata chakula cha matanga: matajiri walikuwa wanaleta kwa vikapu vya feza na zahabu, maskini kwa vikapu vya fito, na maskini wakaona haya. Ikaamriwa wote walete kwa vikapu vya fito.

Wote walete, tumesema. Kwao mwenye kufiwa hapike. Chakula cha kwanza kisha kutoka makaburini lazima kitoke kwa majirani, mara mingi mayai ao dengu. Siku 7 jamaa wanakaa nyumbani, chini ao kwa viti vifupi, na nguo iliyopasuliwa kifuani. Wageni wanaingia, wanakaa, na hawaanze kusema mpaka mwenye kufiwa afungue kinywa. Wamejifunza hilo kwa rafiki za Ayubu: walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno, na hapo walifanya vizuri. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza sababu ya mateso yake. Sisi tunajua matanga ambapo familia inauza mbuzi na kuchukua deni ili kulisha watu wenye wamekuja kuwafariji, na ambapo pasta anasimama kueleza kosa la marehemu. Kila mutu apime mwenyewe.

Kisha siku 7 kunafuata siku 30 za maombolezo mepesi zaidi, na kwa baba ao mama, mwaka. Katika mwaka huo mutoto anasema sala inayoitwa kadishi. Wengi wanadhani ni sala ya kumtoa marehemu motoni. Ukiisikiliza, hakuna hata neno moja la kifo ndani yake. Ni kwa Kiaramu, na inasifu jina la Mungu na kuomba ufalme wake uje. Mkristo atasikia kitu cha karibu na mwanzo wa Baba Yetu. Mutoto anasimama mbele ya watu wakati moyo wake uko chini kabisa, na anasifu. Marabi wanasema sifa hiyo inamsaidia mzazi. Na hapa kuna hesabu moja ya adabu sana: hukumu ya waovu ni miezi 12, lakini kadishi inasemwa miezi 11 tu, ili mutoto asionekane kama anahesabu mzazi wake kati ya waovu.

Wakati wa Ebola, toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, wengi wa Beni, Mangina na Butembo waliumia juu ya mazishi ya vikundi vyenye nguo nyeupe na mifuko ya plastiki. Hatukuruhusiwa kugusa wetu. Wayahudi waliingia katika hali ya karibu na hiyo wakati wa Covid mwaka 2020. Kwao kuokoa maisha kunatangulia karibu amri zote, na marabi wengi walibadilisha kuosha, ao kukuacha kabisa mahali ilibidi. Hawakusema marehemu wale wamepotea. Walisema amri ya kuosha imeshikwa na amri iliyo kubwa kuliko yenyewe.

Na aliyeuawa? Swali la kando ya moto: yule aliyechinjwa, hakuoshwa. Sheria yao inasema mutu aliyeuawa na damu yake imeingia katika nguo, hata mahali ambapo maji yako na muda uko, asioshwe. Anazikwa na nguo zilezile. Wengine wanafunika kitambaa cheupe juu. Damu ni sehemu ya mutu, na lazima iingie kaburini pamoja naye. Hata udongo ulioshika damu unakusanywa. Kwa hiyo mutu wa hivi si mutu aliyezikwa vibaya. Na Wayahudi waliouawa juu ya kuwa Wayahudi tu wanaitwa watakatifu, bila mutu kuuliza kama walikuwa wanasali kila siku ya posho ao hapana.

Maiti inayoonekana njiani, haina mwenyewe, ina sheria yake. Wa kwanza kuiona njo anakuwa jamaa yake, na lazima aizike. Kwa kawaida makuhani hawaguse wafu. Lakini hata kuhani mukubwa mwenyewe, akikutana na maiti kama hiyo na hakuna mwingine, anapaswa kujichafua na kuzika. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inaongeza: kama mutu ameonekana ameuawa shambani na muuaji hajulikane, wazee wanatoka na kupima umbali mpaka miji ya karibu. Wazee wa muji ulio karibu zaidi wanapaswa kusimama pale, kunawa mikono, na kutangaza kama si wao waliomwaga damu hiyo. Marabi waliuliza: nani angewaza wazee ni wauaji? Wakajibu: wanatangaza kama hawakumuacha mgeni apite bila chakula na bila mutu wa kumusindikiza. Kifo cha shambani kina muji wa kujibu, hata kama muuaji alitoka mbali. Tunaacha mamlaka zetu zisome sura hiyo zenyewe.

Inabaki hali nzito kuliko zote: hakuna mwili. Hapo Wayahudi waliweka kanuni juu ya wenye walizama baharini ao waliliwa na nyama wa pori. Familia inatafuta. Wakati inatafuta, haihesabu siku 7. Siku moyo wake unakata tamaa ya kupata mwili, siku hiyo njo matanga inaanza, kama vile kaburi limefungwa sasa hivi. (Ruhusa ya mjane kuolewa tena ni sheria nyingine, ngumu zaidi, inayotaka ushuhuda wa kweli kwamba mume amekufa.) Kanuni hii haimlazimishe mama kusema leo kama mutoto wake amekufa. Lakini inamwambia kama mlango wa kulia haufungwi kwa sababu hakuna maiti. Na kuna mfano mukubwa kuliko wote: Musa. Biblia inasema hakuna mutu anayejua kaburi lake. Marabi wanafundisha kama Mungu mwenyewe njo alimuzika.

Hapa turudi Lubumbashi, kama tulivyosema. Rhodes ilitawaliwa na Italia tangu 1912, na maisha yalipokuwa magumu vijana Wayahudi wa kule walikuja Congo kufanya biashara. Walisema Kiladino, lugha ya Kihispania ya zamani ya mababu zao. Rabi wao Moïse Levy alifika Elisabethville mwaka 1937, na alibaki rabi mukubwa wa inchi mpaka 1991. Wazazi, dada na wadogo walibaki kisiwani. Mwezi wa 9 mwaka 1943 Wajerumani wakashika Rhodes. Tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka 1944, kama Wayahudi 1.700 walipandishwa mashua, kisha treni, mpaka Auschwitz. Walifika mwezi wa 8. Walioishi ni karibu 150.

Fikiri sasa mutu wa Elisabethville kisha vita. Yeye yuko salama, duka lake liko wazi, na familia yake yote imekwisha katika siku moja ambayo hajui ni gani, mahali ambapo hakuna hata mfupa wa kuzika. Kadishi ya mwaka inasemwa kwa tarehe ya kifo, tarehe haipo. Shida hiyo ilikuwa ya Wayahudi wa dunia nzima, na marabi wakubwa wa Israel wakaijibu kwa njia rahisi: walichagua tarehe 10 ya mwezi wa Teveti, siku ya kufunga ya zamani, iwe siku ya kadishi kwa kila mutu ambaye siku yake ya kufa haijulikane. Mwenye hana tarehe akapewa tarehe.

Wengine kati ya waliopona walikuja huku kwetu. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930, alipoteza baba yake na dada yake Lucia kule Auschwitz akiwa na miaka 14. Kisha vita alihamia Congo ya Wabelgiji na akaishi huku miaka mingi. Muda mrefu hakusema kitu. Alipokuwa mzee alianza kupeleka vijana wa shule za Italia mpaka Auschwitz, na kila kiangazi alirudi Rhodes na mke wake kufungulia wageni sinagogi ya zamani, Kahal Shalom. Uwanja ulio karibu unaitwa leo Uwanja wa Mashahidi Wayahudi.

Wakati wa uhuru Congo ilikuwa na Wayahudi kama 2.500. Kisha Mobutu kuchukua biashara za wageni mwaka 1973, wengi waliondoka, na leo waliobaki Lubumbashi ni wachache sana. Jamii ikipungua, shida ya kwanza inaonekana kwenye matanga, juu kadishi haisemwi na mutu peke yake. Lazima watu wazima 10 wawe pale waitikie. Wayahudi wa desturi kali wanahesabu wanaume tu. Katika tawi ambamo Rabi Sizomu alisomea, wanahesabu wanawake pia. Wakipatikana 9 peke yao, mutu anatumwa barabarani kutafuta wa kumi, na mwenye kufiwa anangojea.